Msemo wa Kigiriki na Adabu ya Kukiri Hujaelewa

Tarehe 15 Februari mwaka 44 kabla ya Kristo, Warumi wakiwa katika sikukuu yao ya Lupercalia, Mark Antony alimpa Julius Caesar taji mbele ya umati, na Caesar akalikataa. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye William Shakespeare aliiingiza kadhia hiyo katika tamthilia yake ya Julius Caesar, iliyochezwa London mwaka 1599. Humo Cassius hakuliona tukio lenyewe, kwa hiyo anamdodosa Casca aliyeshuhudia: je, Cicero, yule mnenaji wa Roma, naye alisema neno? Casca anajibu kwamba alisema, tena kwa Kigiriki. Walioelewa walitazamana wakatabasamu na kutikisa vichwa. Ama yeye Casca, anasema, aliambulia Kigiriki kitupu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na Casca kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, yeye akiwa Rais wa Tanganyika, kisha ikasahihishwa na kuchapishwa upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Kwa hiyo msemo huu wa Kiingereza una wajukuu wake Afrika Mashariki, hata kama wanaoutumia ofisini Nairobi au Dar es Salaam hawajui ulikotoka.

Msemo wenyewe ni "It's all Greek to me". Maana yake ni rahisi: jambo hili silielewi hata kidogo. Mswahili angesema ametoka kapa, au hakuambulia kitu, au maneno yameingia sikio hili yakatokea lile. Casca alikuwa akisema jambo la kweli, maana Cicero alitumia Kigiriki hasa. Waingereza walilichukua jibu hilo wakalipanua, na leo Kigiriki kinaweza kuwa mkataba wa bima, mchoro wa umeme wa gari, fomu ya kodi au maelezo ya fundi wa kompyuta anayesema Kiingereza safi kabisa.

Shakespeare hakuwa wa kwanza kukitumia Kigiriki kama kipimo cha ugumu. Katika zama za kati, wanazuoni wa Ulaya Magharibi walisoma na kunakili vitabu kwa Kilatini, na wengi wao hawakujua Kigiriki. Vitabu vya sheria vya Mfalme Justinian, vilivyokusanywa katika karne ya 6, vilikuwa na vipande vya Kigiriki katikati ya Kilatini. Msomaji akifika hapo alikwama, na kukazuka kauli ya Kilatini isemayo kwamba hiki ni Kigiriki, hakisomeki. Basi, anaruka na kuendelea mbele. Ni ujanja ambao kila mwanafunzi aliyewahi kukutana na ukurasa mgumu anaufahamu.

Anayetaka kuutumia msemo huu vizuri aanze na umbo lake. Kosa linalowanasa wengi wanaofikiri kwa Kiswahili ni kusema "It's Greek for me", kwa kuwa "kwangu" inawajia kirahisi kama "for me". Kiingereza kinataka "to me". Neno "Greek" huandikwa kwa herufi kubwa na halitanguliwi na "a". Wakati unaweza kubadilika, kwa hiyo anayesimulia mkutano wa jana atasema "It was all Greek to me", na mtu naye anaweza kubadilika, akawa "to her" au "to them". Neno "all" huongeza uzito, lakini si lazima liwepo. Jambo lisilobadilika ni mwenye sifa: Kigiriki ni yale maneno, maandishi au somo. Mtu akisema "He is Greek to me", wasikilizaji wataanza kujiuliza kama huyo bwana ni mzaliwa wa Athens.

Mipaka ya maana nayo ina vishimo vyake. Kipaza sauti kikikoroma na hotuba isisikike, hapo si mahali pa msemo huu, kwa sababu tatizo ni masikio na si akili. Mtu asiyejua tarehe ya tukio fulani hawezi kusema swali hilo ni Kigiriki. Swali amelielewa, jibu ndilo hana. Na tabia isiyoeleweka ya jirani aliyekuwa akisalimia kila asubuhi na sasa anapita kimya, Kiingereza kina maneno mengine ya kuieleza. Kigiriki hufaa pale ambapo kuna kitu cha kusomwa au kusikilizwa, chenye maana kwa wengine, na msemaji amebaki nje.

Kisha kuna mahali na watu. Huu ni msemo wa mazungumzo, wa chai ya saa nne na wenzako kazini, wa simu kwa rafiki, wa makala nyepesi gazetini. Katika barua ya kuomba kazi, ripoti ya mradi au jibu la mtihani unaonekana kama kandambili kwenye harusi. Huko sentensi kavu ndiyo inayofaa: "I do not understand this part", ikifuatwa na kutaja sehemu yenyewe. Kuna pia msemo jirani, "double Dutch", ambao wanafunzi huuchanganya na huu. Huo humaanisha maneno yasiyoeleweka kwa yeyote, porojo tupu, na kwa hiyo lawama humwendea msemaji. Ukimwambia mkuu wako wa kazi kwamba alichosema ni "double Dutch", umemwambia amepayuka. Ule wa Kigiriki una adabu zaidi kwa sababu unaacha nafasi kwamba wengine wameelewa.

Kila taifa, hata hivyo, lina Wagiriki wake. Mhispania asiyeelewa husema jambo hilo kwake ni Kichina, na Mfaransa husema vivyo hivyo. Mwitaliano humwuliza mwenzake kama anazungumza Kiarabu. Mpoland hujiona kama aliyekaa kusikiliza mahubiri ya Kituruki. Wajerumani huyaita mambo wasiyoyajua vijiji vya Bohemia, nao Wacheki, ambao Bohemia ni kwao, wakayasukuma mbele zaidi na kuyaita kijiji cha Kihispania. Mjerumani pia anaweza kusema ameelewa "stesheni ya treni" tu, na mengine yote yamempita. Wagiriki wenyewe, wanaotajwa na Waingereza kila siku, husema mambo magumu ni Kichina. Wachina hawakumtupia jirani yeyote: kwao maandishi yasiyosomeka ni maandishi ya mbinguni.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili Kigiriki si kigeni kama msemo unavyodai. Mwanafunzi anayefungua daftari na kushika kalamu tayari ana vitu viwili ambavyo majina yake yalianzia Ugiriki, yakapita kwa Waarabu na Waajemi hadi pwani hii. Falsafa, kanuni na almasi yalipita njia hiyohiyo. Tena maelezo ya kale zaidi ya kina yanayojulikana kuhusu mwambao wa Afrika Mashariki yako kwa Kigiriki: ni mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Unataja soko la mbali la Rhapta, lililopewa jina kutokana na mitepe yake ya kushonwa kwa kamba, na pembe za ndovu zilizotoka huko. Unasema pia kwamba manahodha na mawakala waliotumwa kutoka Muza, bandari ya Yemen, walikuwa wakioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Biashara hiyo isingekwenda mbali kama pande mbili zingetazamana na kutikisa vichwa.

Turudi kwa Casca, kwa maana kuna jambo ambalo msomaji wa tamthilia ile halioni. Shakespeare alipata habari zake kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza na ya pili, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Plutarch anasimulia kwamba tarehe 15 Machi, siku Caesar alipouawa, Casca ndiye aliyepiga pigo la kwanza. Caesar aligeuka akaikamata silaha na kumpigia kelele kwa Kilatini. Casca naye akamwita nduguye aje kumsaidia, na akamwita kwa Kigiriki.

Yaani Casca wa historia alikijua Kigiriki kiasi cha kumtoka mdomoni katika dakika ya hatari. Shakespeare hakueleza kwa nini Casca wake hakijui, na kila msomaji ana ruhusa ya kubashiri. Lakini mtu anayekaribia kuingizwa katika njama ya kumuua Caesar, akiulizwa Cicero alisema nini, ana kila sababu ya kujifanya hakusikia kitu. "Kilikuwa Kigiriki" ni jibu zuri sana kwa mtu asiyetaka kunukuliwa.

Na hapo ndipo penye ushauri. Kwa ulaini wake, msemo huu hukatisha mazungumzo. Anayeutamka anachekesha, wenzake wanacheka, na mada inabadilishwa. Hakuna aliyeeleza upya, na aliyetoka kapa anarudi nyumbani na kapa lake. Wapo wanaoutumia makusudi, kama pengine Casca alivyofanya, ili wasibebeshwe jukumu la kujua: "hayo mambo ya hesabu kwangu ni Kigiriki," anasema mweka hazina wa kikundi, na daftari la michango halikaguliwi miezi sita. Na wapo wengi zaidi wanaoutumia kwa aibu. Kiingereza chao ni cha kuombea maji, wanaogopa kuonekana hawakusoma, na kicheko ni njia ya kutoka bila kuvuliwa nguo.

Mfano mmoja wa karibu unatosha kuonyesha gharama yake. Mama mwenye genge la mboga anakwenda kukopa shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja. Ofisa wa mikopo, kijana mwenye heshima zake, anamweleza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili kwamba riba ni asilimia 20, "flat".

"Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Hakuelewa. Riba ya namna hiyo hukokotolewa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama sehemu kubwa ya deni imeshalipwa. Riba ni 200,000, jumla ni 1,200,000, na kila mwezi atarejesha 100,000. Kuna namna nyingine, ile ambayo riba hukokotolewa kila mwezi juu ya deni lililobaki tu. Kwa asilimia ileile 20 kwa mwaka, rejesho la kila mwezi lingekuwa kama 92,600, na riba ya mwaka mzima kama 111,600. Tofauti ni zaidi ya shilingi 88,000 kwa mkopo uleule, kwa asilimia ileile, na imejificha ndani ya neno moja ambalo yule mama aliliitikia kwa kichwa.

Angesema nini? Asingehitaji kujua Kimombo wala hesabu za benki. "Samahani mwanangu, hapo kwenye riba sijakupata. Kila mwezi nitaleta shilingi ngapi, na nikimaliza nitakuwa nimelipa jumla ngapi?" Maswali mawili. Majibu yake ni tarakimu, na tarakimu hazina Kigiriki. Akienda taasisi ya pili na maswali hayohayo, analinganisha jumla na jumla, na maneno ya kitaalamu yanapoteza nguvu zake.

Hiyo ndiyo namna ya kuutumia msemo wa Casca bila kuangukia mtego wake: useme, wacheke, kisha hapohapo taja mahali ulipopotea. Kwa Kiingereza mtu anaweza kusema "This is all Greek to me", na bila kuvuta pumzi akaongeza "What does the third line mean?" Sentensi ya kwanza inampa msikilizaji taarifa kwamba maelezo hayakufika, ya pili inampa kazi ya kufanya. "Sijaelewa" tupu humfanya mwelezaji arudie yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa uziwi. "Nimekufuata mpaka kwenye riba, hapo ndipo uliponiacha" humwonyesha mahali pa kuanzia.

Hospitalini mambo yana utani wake, kwa sababu huko Kigiriki ni Kigiriki kweli. Majina mengi ya magonjwa yameundwa kwa mizizi ya lugha hiyo. Mwisho wa "-itis" huashiria sehemu ya mwili iliyovimba na kuwaka. Hepar ni ini, kwa hiyo hepatitis ni kuwaka kwa ini. Nephros ni figo. Arthron ni kiungo. Gaster ni tumbo. Mgonjwa anayeijua hiyo mizizi minne anaweza kusoma cheti chake na angalau akajua daktari anazungumzia sehemu gani ya mwili wake. Vifupisho vya dozi, kwa upande wao, ni Kilatini: "bd" ni mara mbili kwa siku, "tds" ni mara tatu, na "prn" ni pale inapohitajika. Bahasha za dawa katika maduka mengi huandikwa 1x3 badala yake, na hiyo wengi huielewa: kidonge kimoja, mara tatu. Ila bahasha haisemi kama ni kabla ya kula au baada, wala kama dawa imalizwe hata baada ya kupata nafuu. Hayo yaulizwe dirishani, foleni iwe ndefu namna gani.

Njia ya kuhakikisha ni kurudisha maneno. "Kwa hiyo daktari, ninywe kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, baada ya chakula, mpaka viishe. Ndivyo?" Watoa huduma za afya katika nchi mbalimbali hufundishwa kumwomba mgonjwa afanye hivyo, aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa, kwa sababu "umeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu. Karibu kila mtu hujibu ndiyo. Mgonjwa mwenye haraka na afya yake hana haja ya kusubiri aombwe.

Upande wa pili wa meza nao una wajibu wake. Mwalimu, ofisa, wakili au fundi akisikia msemo huu au kicheko kinachofanana nao, asiuchukue kama utani uliopita. Ameambiwa kwamba maelezo yake yamegonga ukuta. Aulize ni wapi mtu alipoachwa, aondoe neno la kitaalamu na kuweka tendo: badala ya "uwasilishe vielelezo", aseme "leta risiti na kitambulisho". Kama ni mkubwa kwa cheo, akumbuke kwamba katika nchi hizi mdogo hamwambii mkubwa waziwazi kuwa hakueleweka. Atasema "sawa, mzee", na kazi itarudi ikiwa imeharibika.

Vijana wanaoandikiana barua pepe na kampuni za nje wana shida ya namna yao. Wanapokea maelekezo yaliyojaa vifupisho, wanaona aibu kuuliza, wanakwenda kutafuta mtandaoni na kubahatisha. Kubahatisha hugharimu zaidi ya swali. Mzungumzaji mzawa wa Kiingereza huandika "sorry, this is Greek to me" kwa mwenzake wa karibu na hakuna anayemdharau. Kwa mteja mpya, sentensi ya kuuliza maana ya kifupisho fulani inatosha, na hujibiwa upesi kwa sababu hata wao huvisahau.

Zipo sehemu ambazo kutoelewa hakupaswi kuchekewa hata kidogo, na ya kwanza ni mahakamani. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, baada ya miongo mingi ya hukumu zilizoandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa watu ambao hawakuweza kuzisoma. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ina Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi, na ibara ya 49 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila kulipa chochote. Mkalimani huyo aombwe mapema, kabla ya shahidi wa kwanza kupanda kizimbani, na mshtakiwa akiona tafsiri inaruka maneno, anyooshe mkono na kumweleza hakimu hapohapo.